Senga, nisaini ghorofa lijengwe au niuze tu niondoke?

Senga, habari za siku. Mimi ni mama wa miaka 61, mjane, safu yako naisoma kila wiki na yule wa friji na mke mwenza alinichekesha mpaka mjukuu akaniuliza bibi una nini, ila leo sina cha kuchekesha. Kiswahili changu ni cha kambini, nimezaliwa kambi ya polisi Naguru, baba alikuwa askari, kwa hiyo unisamehe pale nitakapochanganya.

Tunakaa Kampala upande wa Bukoto, barabara yetu ni ndogo, inaingia alafu inagonga ukuta inaishia hapo, hakuna pa kutokea. Tulipohamia 1991 marehemu alikuwa na pikipiki na mtaa mzima ulikuwa na gari moja, Peugeot ya jirani, na siku ikikataa kuwaka sote tunatoka kusukuma. Nyumba zote zilikuwa za chini na kampaundi yake, yangu ina mfenesi aliopanda marehemu na mpaka leo fenesi la kwanza la msimu nalikata na kugawa kwa majirani, hata wale ambao hatusemeshani.

Mwaka 2019 jirani wa kushoto alifariki, watoto wakauza, likaja ghorofa la kwanza. Ghorofa nne, familia 16. Chini waliacha wazi na nguzo tukaambiwa hiyo ndio pakingi, na kweli miezi ya mwanzo magari yalikuwa yanalala ndani. Alafu siku moja naona mafundi wanajenga ukuta katikati ya nguzo, nikadhani stoo, kumbe maduka. Sasa hivi pale kuna saluni, kuna wa chipsi, kuna sehemu ya kubeti mpira ambayo jumamosi makelele yake yananifata mpaka jikoni. Na magari je? Yote nje. Pande mbili za barabara, ya kwao na ya wageni wao, na taxi moja ambayo dereva wake anakaa juu kabisa, anarudi nayo saa tano usiku anailaza mbele ya geti langu, ukimwambia anasema mama pole kesho naondoka saa kumi na moja, na kweli anaondoka saa kumi na moja, lakini usiku si ndio huo.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yangu mzazi, ana miaka 84 na presha, akazidiwa saa nane usiku. Ambulensi ilikuja, siwezi kusema haikuja, ila iliishia kule mwanzo ikashindwa kuingia. Tukapiga honi, tukagonga mageti, hakuna anayejua gari hili la nani na lile la nani. Vijana wawili wanaopanga vyumba vyangu vya nyuma wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki wakambeba hivo hivo, mimi mbele na tochi ya simu, tunapita ubavu ubavu katikati ya magari kama watu walioiba. Alipona alhamdulillahi. Lakini kile kiti mpaka leo siwezi kukikalia.

Sasa sikia jipya. Ng'ambo ya barabara, ploti mbili zimenunuliwa na mtu mmoja, tunalala tunaamka mabati yamezunguka, miti imekatwa, wiki ya pili ikaja mashine ya kuchimba na matipa yanabeba udongo mpaka usiku, mtaro wa barabarani wameshauvunja maji yanatembea yanavotaka. Wengine wanasema ghorofa sita, wengine nane, familia arobaini. Kibao cha kusema ni nini kinajengwa na nani ameruhusu sijakiona.

Jumapili iliyopita kaja kijana ametumwa na mwenye mradi, amevaa tai, mpole sana, sukari kilo mbili, miche ya sabuni, na bahasha ya milioni 2 anaita "pole ya vumbi". Na karatasi. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba sisi majirani hatuna pingamizi. Watu watano wameshasaini. Kilichonishtua Senga, muhuri wa chemani wa LC1, baraza letu la kijiji, uko pale chini tayari, yaani umegongwa kabla, majina ndio yanatafutwa sasa. Nikamwambia aache nitafikiria, akaacha vyote, hadi bahasha.

Chemani siwezi kugombana naye, mkewe niko naye kikundi kimoja cha akiba, na marehemu alipofariki yeye ndio alishughulikia kila kitu mpaka tunafika makaburini. Nilienda ofisi moja niliyoelekezwa, wakanituma nyingine, kule wakanambia njoo jumatano, jumatano mhusika alikuwa site. Mwanangu wa kwanza yeye anasema mama uza, kuna mtu anatoa milioni 900, tukujengee Matugga kule nje ya mji nyumba nzuri na uwanja mkubwa, taitoli, yaani hati ya ardhi, bado iko jina la baba lakini anasema hayo mambo madogo loya atayamaliza. Na mimi naishi na hivyo vyumba vinne vya nyuma, ndio vinanilisha, Matugga nitapangisha nani? Alafu watu wa mtaa wameanza kunong'ona kwamba nimeshakula hela, kisa eti ukuta wangu ule tuliojenga 2009 haujavunjwa wakati matipa yanahangaika kukata kona pale. Ule ukuta tulisogeza mbele kidogo tu kwa ajili ya wezi.

Nisaini? Niuze? Nipigane nao? Na nipigane kwa nguvu gani?

Mama wa Mfenesini, Kampala

SENGA ANAJIBU

Mama wa Mfenesini, senga, yaani shangazi, huku kwetu anaulizwa mambo ya chumbani, wewe umeniletea matipa na simenti. Lakini haya, sio mbali sana. Mtu anataka umwambie ndiyo kabla hajakwambia ndiyo ya nini, hiyo nimeijibu mara nyingi humu.

Usisaini. Sukari kama umeshaikoroga kwenye chai basi, Mungu anaona, sabuni pia fua nguo, ila bahasha irudi. Na isirudi kimya kimya getini, irudi mbele ya mtu wa pili, uandike kwenye daftari tarehe na kiasi na nani alikuwepo, yule kijana asaini kwamba amepokea. Kabla hujairudisha piga picha ile karatasi yote, hasa pale chini penye muhuri unaosubiri majina. Hiyo picha ni mali kuliko milioni 2.

Kwa nini anahangaika na sahihi zenu wakati muhuri wa LC1 haumruhusu mtu kujenga hata choo cha ghorofa moja? Chemani anathibitisha kwamba wewe ni mkazi wa hapo, basi. Ruhusa ya kujenga Kampala inatoka KCCA, mamlaka ya jiji, na ni zaidi ya karatasi moja. Sheria ya mipango ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, yaani hakuna kona ya Uganda ambapo mtu anajijengea tu, lazima kamati ya mipango imkubalie. Alafu kuna sheria ya majengo ya 2013, hiyo inataka kibali cha kujenga, na ujenzi ukiisha kibali kingine cha watu kuingia kukaa. Karatasi yenu ya majirani inaingia wapi hapo? Inaingia siku mtu akilalamika. Anaulizwa, anaitoa mfukoni, mbona majirani walikubali, na mama wa mfenesi jina lake hili hapa. Ule ni mwamvuli wake na wewe ndio unaambiwa uushike.

Sasa hapo ulipochoka, kuzungushwa ofisi kwa ofisi. Ulienda kwa mdomo, mama. Kwa mdomo utaenda jumatano zote za maisha yako. Andika barua. Tuna sheria ya haki ya kupata habari ya mwaka 2005, raia yeyote anaruhusiwa kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Omba faili la hizo ploti mbili kwa namba zake, kama hujui namba muulize sorveya yeyote wa eneo atakuonyesha kwenye ramani. Taja kabisa unachotaka: ramani iliyopitishwa, ghorofa ngapi, gari ngapi zinalala ndani ya ploti, maji ya mvua yanaelekea wapi, na tarehe ya kupitishwa. Peleka nakala mbili, moja wanabaki nayo, ya pili wanagonga muhuri wa kupokea unarudi nayo nyumbani unaiweka kwenye bati la biskuti pamoja na taitoli. Hutaamini mtu aliyekuwa site kila jumatano anavyopatikana haraka akiona barua yake ina tarehe ya kuhesabia siku.

Na fanya hivi mwezi huu, sio baada ya sikukuu. Sasa hivi ni shimo. Shimo linaongeleka, mtu anaweza kuambiwa ongeza gari kumi chini, sogeza geti upande ule, na inamgharimu karatasi tu na wino. Slabu ya tatu ikishamwagwa maneno yanabadilika, hapo watu wanaongea faini, na faini mwenye hela ameshaiweka kwenye bajeti pamoja na kokoto. Kama faili likionyesha waliamua kinyume na taratibu, mahakama kuu inaweza kuuangalia uamuzi huo, lakini mlango huo unakaa wazi miezi mitatu tangu sababu ya kulalamika ilipotokea, watu wengi wanaenda kwa loya mwezi wa tano wakiwa na haki yote na muda hakuna. Ndio maana nakwambia tarehe, tarehe, tarehe.

Ila mimi nikikusoma vizuri naona umekaa umeangalia ng'ambo ya barabara wakati kesi yako yenye nguvu iko kushoto kwako. Lile ghorofa la kwanza. Lile sio tetesi za sita au nane, lile limesimama. Ramani yake lazima ilikuwa na pakingi chini, maana viwango vya mipango vya nchi hii vinataka jengo la namna hiyo lilaze magari yake ndani ya ploti yake, na mwenye jengo akageuza akaweka saluni na kubeti. Kubadilisha matumizi namna hiyo kunahitaji ruhusa nyingine mpya. Anayo? Omba na faili hilo, barua hiyo hiyo moja. Kama hana, divisheni, yaani ofisi ya KCCA ya eneo lenu, ina uwezo wa kumwamuru arudishe pakingi, na mwenye mradi mpya ng'ambo akiona jirani yake anavunja kuta za maduka ataichora pakingi yake kwa adabu sana.

Na sasa nakuomba ubadilishe jicho juu ya wale wenye magari. Najua, geti halifunguki, mama kabebwa kwenye kiti. Lakini yule wa taxi anayeondoka saa kumi na moja ni mpangaji. Alipoonyeshwa chumba alionyeshwa na pakingi, hizo nguzo zilikuwa wazi si umesema mwenyewe. Analipa kodi ile ile na gari lake linalala nje, vioo vya pembeni vinaibiwa, akigongwa na tipa hakuna wa kumlipa. Familia 16 zimeuziwa kitu wakanyang'anywa, na hakuna aliyewauliza. Nenda kawaulize. Sio na hasira, nenda na fenesi kama unavyofanyaga. Ukipata sahihi kumi za humo ndani kwamba walikuta pakingi ikaondolewa, hizo zina uzito kuliko sisi wazee wa mtaa kusema zamani palikuwa kimya, maana afisa akisikia "zamani palikuwa kimya" anakunja barua. Zamani hata yeye alikuwa hajazaliwa.

Sasa nyamaza kidogo nikwambie lisilopendeza, ukitaka kunichukia nichukie baada ya kumaliza kusoma.

Ukuta wa 2009 ulisogezwa "kidogo". Kidogo ni ngapi? Kama umeingia kwenye hifadhi ya barabara basi na wewe umekula barabara, umekula kwa kijiko na wao wanakula kwa koleo, lakini sahani ni moja. Na vyumba vinne vya nyuma, vilikuwa na ramani? Sikuona umeitaja. Pikipiki za hao vijana zinalala wapi? Sisemi hivi kukuumiza, hao vijana ndio walimbeba mama yako na kodi yao ndio chakula chako, na Kampala ingelala wapi bila hivi vyumba kimoja kimoja vya kupanga nyuma ya nyumba za watu. Nasema kwa sababu siku utakayopeleka malalamiko, loya wa yule bwana wa tai ataanza na wewe. Picha ya kwanza mezani itakuwa ukuta wako. Mitaa yetu mingi inalalamika kwa sauti ya chini kwa sababu hiyo hiyo, kila mtu ana kachumba, ana kibaraza, ana kaduka kalikotoka mbele hatua mbili, na mwenye ghorofa anajua, anawatembelea mmoja mmoja na sukari anawaangalia kuta.

Kwa hiyo tafuta sorveya, lipa, apime. Ukuta ukiwa umetoka, urudishe mwenyewe kabla hujaambiwa. Najua ni hela na najua ni wa marehemu. Lakini kona ikipanuka ambulensi inapita, na ule unong'ono kwamba umekula hela unakufa siku hiyo hiyo fundi anapogonga tofali la kwanza, watu watatoka kuangalia. Vyumba navyo nenda uulize namna ya kuvirasimisha, bora uingie kwa miguu yako kuliko kuitwa.

Kuhusu chemani. Hujaniambia ni mtu mbaya na mimi simuoni kama mbaya, namuona mtu aliyegonga muhuri kwa haraka mtu akiwa amekaa sebuleni kwake na soda. Nenda kwake jioni, mkewe akiwepo, usiende na kundi. Muonyeshe picha. Mwambie baba, huu muhuri uko juu ya majina ambayo hujayaona, kesho ghorofa likipasua nyumba ya mtu watauliza wewe ulithibitisha nini? Alafu muombe kitu ambacho kitamtoa yeye kwenye shimo na nyinyi pia, aitishe mkutano wa kijiji. Wengi wanadhani LC1 ni chemani na kamati yake ya watu kumi. Kamati ni kamati. Baraza lenyewe la kijiji kwa sheria ni wakazi wote waliofika miaka 18, wewe, wapangaji wako, yule wa taxi, wote. Mkutano ukikaa na muhtasari ukaandikwa na majina, karatasi ya mabati na sukari haina tena kazi, na chemani anakuwa amewaongoza watu wake badala ya kuwauza. Kwenye mkutano huo ndio useme mbele ya wote bahasha ilikuja, ilikuwa na kiasi hiki, ilirudi siku fulani. Wale watano waliosaini watajikunja kwenye viti, waache, usiwatazame.

Mkutano uombe nini? Hapa tutatofautiana pengine. Ukienda na "hatutaki ghorofa" utashindwa, na kusema ukweli mimi nisingependa ushinde. Manesi wa kliniki zote hizo za Bukoto na Ntinda wanalala wapi? Wajukuu zako watalala wapi? Mlima wa jirani yenu, Naguru na Kololo, ulichorwa kwenye mpango wa 1947 na Mjerumani mmoja, Ernst May, barabara zinazunguka kilima zikiwa kwenye karatasi kwanza. Huku mashamba mengi ya mailo, yaani ardhi ya watu binafsi, yalikatwa kipande kipande, mwenye ardhi anauza, mnunuzi anajenga, njia inapita pale palipobaki. Njia ya Peugeot moja haiwezi kubeba familia arobaini bila mtu kuamua magari yao yanaenda wapi, na huo ndio ugomvi wenu halali. Ombeni magari yote ndani ya ploti na iandikwe kwenye kibali kwamba pakingi haitageuzwa duka, ombeni mtaro ujengwe upya kabla ya ghorofa ya kwanza, matipa yasiingie usiku, kibao kiwekwe chenye namba ya kibali na simu ya inginia. Hayo afisa hawezi kuyaita fitina.

Wewe mtoto wa kambi ya Naguru unakumbuka zile estate za Nakawa na Naguru, watu walivyotolewa 2011 kwa sababu unakuja mji mpya wa kisasa. Mimi nilikuwa napita pale na taxi mwaka baada ya mwaka, nyasi zinaota. Sikukumbushi ili uogope maendeleo, nakukumbusha ili neno "mradi mkubwa" lisikunyamazishe. Uliza tu. Anayejua anachojenga hajali kuulizwa.

Sasa mwanao na milioni 900. Mtoto hana ubaya, amechoka kukusikia unalia kwenye simu. Ila mwambie Senga amesema taitoli kuwa jina la marehemu sio jambo dogo, hilo ndio jambo lenyewe. Bila barua za usimamizi wa mirathi hakuna mtu kwenye familia yenu mwenye haki ya kuuza hiyo ploti, si yeye, si wewe, na anayenunua bila hizo anajua anachofanya, ananunua kesi kwa bei nafuu. Mnaanzia kwa msimamizi mkuu wa mirathi wa serikali, anawapa cheti cha kutokuwa na pingamizi, mnaenda nacho mahakamani. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa kwenye nyumba aliyokuwa anakaa na mumewe, sheria ya urithi inasema hivyo na ilifanyiwa marekebisho 2022, wakuelezee FIDA Uganda, ni mawakili wanawake, wamekuwepo tangu 1974 na mambo ya wajane wanayajua. Fanya hili hata kama huuzi. Hasa kama huuzi! Ukimaliza ndio ukae na mwanao mhesabu kodi ya vyumba vinne ni kiasi gani kwa mwaka, na Matugga itakupa nini cha kufanya asubuhi ukiamka. Pengine utauza, sikukatazi. Lakini uuze ukiwa na jina lako kwenye karatasi, sio kwa sababu taxi imelala getini.

Na kwa hiyo taxi kuna kitu cha leo jioni, hakihitaji barua wala divisheni. Chukua karatasi, nenda kwa askari wa getini kwenye lile ghorofa, muandike naye namba za magari yote yanayolala nje, na mbele ya kila gari namba ya simu na mlango. Nakala moja abaki nayo yeye, moja chemani, moja ibandike ndani ya geti lako. Wenye magari waambie sababu, waambie habari ya kiti. Hakuna atakayekunyima namba. Mama ana miaka 84 na presha haingojei siku 21.